Sura ya Tano: Hodi ya Mtoto wa Mmisionari

"Na watoto je?"

Swali hili nimeulizwa ndani ya basi, jikoni msibani, na mara nyingi zaidi na mama vijana wanaonivuta pembeni baada ya ibada. Mume amesikia wito wa kwenda kuhubiri mbali. Mke naye ameusikia, au anajitahidi kuusikia. Lakini mgongoni ana mtoto wa miezi minane, na mwingine wa miaka mitatu ameshikilia kanga yake. Bibi wa watoto hao hana hotuba ndefu. Anauliza tu: "Mnawapeleka wajukuu zangu wakale nini? Na wakiugua usiku mtamwita nani?"

Wapo wanaomjibu bibi kwamba Mungu atawatunza. Naamini hivyo kwa moyo wote. Ila nimejifunza kwamba jibu hilo likitolewa haraka mno huwa ni njia ya kumnyamazisha aliyeuliza. Bibi anastahili kujibiwa kwa kituo, na watoto wanastahili zaidi.

## Tuelewane kwanza

Mmisionari ni mtu aliyetumwa na kanisa kuvuka mpaka wa lugha, desturi au nchi, akaitangaze Injili na kuiishi huko. Wengi wakilisikia neno hili bado wanamwona Mzungu wa zamani aliyeshuka melini. Siku hizi mmisionari anaweza kuwa kijana wa Mbeya, mama wa Machakos au mchungaji wa Bukavu. Wito ni ile hakika ya moyoni kwamba Mungu anakutaka kwa kazi fulani, hakika ambayo kanisa nalo limeipima na kuikubali.

Sisi tulitoka mitelemko ya Kilimanjaro, tukahamia kijiji kimoja cha wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, kati ya wafugaji wa Kibarabaig. Mume wangu ni mwinjilisti. Kifungua mimba wetu alikuwa na miaka sita, wa pili minne, na kitinda mimba miezi saba. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, ya tofali za kuchoma na bati, jiko likiwa nje.

Neno ninalotaka kulisema katika sura hii ni moja. Kanisa lilitutuma mimi na mume wangu. Halikuwatuma watoto, na wala hakuna aliyewauliza. Walifuata kwa sababu wanatupenda na hawana kwingine. Kwa hiyo kabla hatujatumwa kwa Wabarabaig, tulikuwa tumetumwa kwa hawa watatu. Nyumba yetu ndiyo mtaa wa kwanza tuliokabidhiwa.

## Siku moja ya kawaida

Saa 11 alfajiri nawasha moto na kubandika uji wa ulezi. Wakati wa kiangazi, hesabu ya siku huanza na maji: dumu la lita 20 la kunywa na kupikia, jingine la kuogea watoto na kufulia nepi, na yale maji ya kuogea hayamwagwi, humwagiliwa mchicha. Punda huleta madumu manne. Yakiisha kabla ya jioni, hakuna mengine hadi kesho.

Saa 2 wageni wameshafika. Mmoja ameleta mtoto mwenye jicho linalotoa usaha. Mwingine anataka kusomewa barua. Kina mama wa darasa la kusoma na kuandika wanakaa chini ya mgunga, nami nafundisha herufi huku kitinda mimba akinyonya. Mchana upepo unapanda kutoka upande wa ziwa la magadi la Balangida, na vumbi linaingia kwenye sufuria, kwenye matandiko na kwenye masikio ya watoto. Mume wangu yuko juu ya pikipiki, amekwenda maboma ya mbali, na huenda akalala huko siku mbili.

Jioni narudi jikoni. Wageni wa jioni huwa na maneno mazito kuliko wa asubuhi, maana mtu huficha shida yake mpaka jua lizame. Chai inachemshwa tena, na taa ya sola inawashwa. Watoto wanakula, wananawishwa miguu, wanalala.

Ukiisoma siku hiyo harakaharaka utasema ni siku iliyojaa utumishi. Nami nilikuwa nikisema hivyo. Sasa isome tena, utafute ni wapi watoto wangu waliongea na mama yao.

## Siku mtoto alipobisha hodi

Ilikuwa mwezi wetu wa tano pale kijijini. Wageni walikuwa wamejaa sebuleni, nami nawamiminia chai. Kifungua mimba wetu alikuja mara mbili kuniambia kitu, na mara zote mbili nilimwambia, "Subiri mwanangu, kuna wageni." Akatoka nje. Baada ya kitambo nikasikia mlangoni sauti nyembamba: "Hodi! Hodi hapa!"

Nikajibu bila kugeuka, "Karibu!" Akaingia yeye. Amejitanda kanga yangu begani kama mtu mzima. Akanipa shikamoo, akapita moja kwa moja hadi kwenye kiti cha mgeni, akaketi, akakunja mikono.

Nikamuuliza, "Vipi tena, mama?"

Akasema, "Leo na mimi ni mgeni. Nimekuja kukuona."

Wageni wakacheka kwa upole. Mimi sikuweza. Nilikaa chini mbele yake, birika mkononi, nikamsikiliza. Sikio lilikuwa likimuuma tangu jana yake.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa nimeusoma msemo huo kwa upande mmoja tu. Mgeni alikuwa akija kweli, ila wenyeji wadogo wa nyumba ile hawakuwa wakipona.

## Somo kutoka Kolobeng

Hatukuwa wa kwanza kulala tukiwa na mzigo huo. Jina la David Livingstone linajulikana sana kwetu: alipita Tabora, alikutwa Ujiji na Stanley mwaka 1871. Lakini wachache wanamjua mkewe, Mary.

Mary Moffat alizaliwa mwaka 1821 huko Griquatown, Afrika Kusini, akiwa mwenyewe mtoto wa wamisionari. Alikulia Kuruman, akazungumza Kitswana tangu utoto, akaolewa na Livingstone mwaka 1845. Wakahamia Kolobeng, katika nchi inayoitwa leo Botswana, kwa chifu Sechele wa Wakwena. Huko Mary alioka mkate, alitengeneza sabuni na mishumaa, aliwafundisha watoto wa kijiji kusoma, na alilea wa kwake.

Mwaka 1850 Livingstone aliichukua familia kuvuka jangwa la Kalahari kuelekea ziwa Ngami. Mary alikuwa mjamzito na watoto walikuwa watatu. Homa ikawashika watoto. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Daktari Ronald Ross alikuja kulithibitisha hilo mwaka 1897. Waliporudi Kolobeng, Mary alijifungua mtoto wa kike, Elizabeth, naye akafariki akiwa na wiki sita hivi. Mwaka uliofuata safari ikarudiwa, Mary akiwa mjamzito tena, na safari hii alijifungulia njiani, kando ya mto. Mama yake mzazi alikuwa ameshamwandikia mkwewe barua kali ya kumkanya.

Aprili 1852 Mary na watoto wanne walipanda meli Cape Town kwenda Uingereza. Hawakumwona baba yao tena mpaka Desemba 1856. Miaka ile ilikuwa ya kuhamahama na uhaba kwa Mary. Alirudi Afrika baadaye, akafariki kwa homa huko Shupanga, kando ya mto Zambezi, Aprili 1862. Kifungua mimba wao, Robert, alikwenda Marekani, akaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe chini ya jina la kubuni, akafia katika kambi ya wafungwa mwaka 1864 akiwa kijana wa miaka 18.

Siyasemi haya ili kumhukumu Livingstone. Nayasema kwa sababu yeye mwenyewe, uzeeni, aliandika majuto yake: kwamba Kolobeng hakutenga muda maalumu wa kucheza na watoto wake, maana kila jioni kazi ya mchana ilikuwa imemmaliza na hakubaki na furaha ya kuwapa.

Nilipolisoma jambo hilo nilikifunga kitabu. Mtu huyo alitembea maelfu ya maili, na alichokijutia ni jioni za nyumbani. Jioni hizo mimi bado nilikuwa nazo.

Kwa ufupi:
- Kazi ya utume haina mwisho wa siku. Usipoikatia saa, itachukua saa zote.
- Hatari ya barabarani huonekana. Mtoto anayesubiri kimya haonekani.
- Majuto mengi ya wazazi watumishi ni ya saa ndogondogo.

## Saa ya hodi

Tulichokifanya kilikuwa kidogo. Kila siku, saa 12 jioni, watoto wanatoka nje, wanabisha hodi, na wanakaribishwa kama wageni. Wanaketi kwenye viti vya wageni na kunywa chai kwa vikombe vya wageni. Kila mmoja anaulizwa habari za leo, na anayejibu hakatizwi. Dakika 30, wala hazizidi. Baba akiwa nyumbani, pikipiki haiwashwi katika muda huo.

Tuliogopa majirani wangeona tunawafukuza. Ikawa kinyume. Mzee mmoja wa jirani alipoelezwa, alisema kwamba hata yeye ndama wake hunyonya kwanza ndipo maziwa ya wageni yakamuliwe. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia watu wasubiri kidogo uani, mwinjilisti ana wageni.

Niseme wazi kwamba si kila siku iliwezekana. Mwenye msiba hawezi kuambiwa asubiri. Siku kama hizo tuliwaeleza watoto kwa nini, na kesho yake tukaanza upya. Mtoto huvumilia saa iliyokosekana akijua kwamba ipo.

## Wakiugua usiku, mtamwita nani?

Sasa nimjibu bibi swali lake la pili. Zahanati yetu ilikuwa mwendo wa saa moja kwa pikipiki, na mvua ikinyesha korongo hujaa na njia hukatika. Haya ndiyo tuliyoyafuata:

1. Kadi ya kliniki husafiri mkononi. Usiipakie kwenye lori pamoja na magodoro. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha tena akiwa na miezi 18. Watoto wengi wa watumishi huikosa ya pili kwa sababu ya kuhama.
2. Kila kitanda chandarua chenye dawa, pamoja na mkeka wa mgeni anayelala na watoto.
3. ORS na zinki ndani ya nyumba. ORS ni unga wa chumvi na sukari uliopimwa, wa kurudisha maji mwilini mtoto anapoharisha. Pakiti moja huchanganywa na lita 1 ya maji safi. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14, kama mhudumu wa afya alivyoelekeza.
4. Maziwa yachemshwe. Kwa wafugaji maziwa ni heshima, na mtoto wako atapewa kibuyu kwa upendo. Maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya brusela. Tuliwafundisha watoto kupokea kwa mikono miwili, kushukuru, na kuyaleta nyumbani yakachemshwe. Majirani tuliwaeleza sababu bila kuficha, na baadhi yao wakaanza kuchemsha ya watoto wao.
5. Homa ya mtoto haisubiri asubuhi. Kabla ya kuhamia, tulikubaliana na watu wawili wenye vyombo vya usafiri, tukaandika namba zao ukutani, na tukaweka nauli kwenye kopo lisiloguswa kwa jambo jingine lolote.

Kopo hilo lilifunguliwa mara tatu katika miaka sita. Mara mojawapo ilikuwa saa 8 usiku, kitinda mimba akiwa amelegea kwa malaria. Sala tuliifanya njiani, juu ya pikipiki. Najua wazazi waliosali kwanza nyumbani hadi alfajiri. Siwahukumu, lakini nakusihi: sali huku unakwenda.

## Lugha huanzia mchangani

Mimi na mume wangu tulijifunza Kibarabaig kwa daftari. Mtoto wetu wa pili alijifunza akichunga mbuzi na wenzake. Ndani ya miezi michache alikuwa akimsahihisha baba yake matamshi, na kina mama walionionea haya walikuja kwangu wakiongozwa naye. Mtoto hufungua milango ambayo mhubiri hajui hata kama ipo.

Hapa kuna mtego. Mtoto akiijua lugha kuliko wazazi, ni rahisi kumgeuza mkalimani wa kila jambo. Siku moja tulimwita atafsiri maneno ya mama aliyekuwa akieleza jinsi alivyopigwa. Niliuona uso wa mtoto wangu ukibadilika, nikamtoa nje. Tangu siku hiyo tulikuwa na sheria: mtoto hutafsiri salamu, bei na habari za mbuzi. Ugomvi wa ndoa, ugonjwa na msiba hutafsiriwa na mtu mzima, hata ikibidi kusubiri.

Ni vivyo hivyo kwa picha. Wanaochangia kazi hupenda kuona watoto wa mmisionari wakiwa pekupeku na wana mbuzi. Jiulize kwanza: mwanangu akiwa na miaka 20 ataifurahia picha hii ukutani kwa watu asiowajua?

## Watasoma wapi?

Swali hili limewaumiza wamisionari wa vizazi vyote. Wamoravian, waliofika kusini-magharibi mwa Tanzania mwaka 1891, walikuwa na desturi ya kuwarudisha watoto wao Ujerumani wakifikia umri wa shule, na wengi walisomea bweni la Kleinwelka, Saxony. Mtoto aliagwa akiwa mdogo, akaonana na wazazi baada ya miaka, kama walibahatika kuwa hai. Kenya, wamisionari wa Kimarekani walianzisha Rift Valley Academy huko Kijabe mwaka 1906, ili watoto wao wasome bila kuvuka bahari. Bweni likawa karibu zaidi, lakini bado lilikuwa bweni.

Familia za kwetu huwa na njia tatu: shule ya kijiji, kufundisha nyumbani, au kumwacha mtoto kwa bibi au shangazi mjini. Kila moja ina gharama yake. Sisi tulichagua shule ya kijiji, darasa la watoto zaidi ya 90 na madawati machache, kisha kila usiku nusu saa ya kusoma nyumbani. Rafiki zetu walimwacha mtoto kwa shangazi yake, na amekua vizuri, kwa sababu walimpigia simu kila Jumapili bila kukosa na walikuja kila likizo.

Badala ya kuuliza ipi ni bora, jiulizeni mambo haya matatu kuhusu kila mtoto:

- Je, mtoto akiumizwa, anamjua mtu mzima wa kumwambia, na anaamini atasikilizwa?
- Je, anaijua tarehe atakayotuona tena?
- Je, anajua kwamba akishindwa kabisa, tutamfuata?

Likikosekana jibu la "ndiyo" kwa mojawapo, mpango huo bado haujaiva.

## Mtoto wa huku na kule

Desemba, Mchaga popote alipo hupanda basi kurudi kwao. Mwaka wetu wa tatu tulirudi pia. Kila tuliyekutana naye aliwaambia watoto, "Karibuni nyumbani." Usiku wa pili, mvua ikipiga kwenye migomba, wa pili wetu akaninong'oneza: "Mama, tunarudi nyumbani lini?"

Katika miaka ya 1950 mwanasosholojia wa Marekani, Ruth Useem, aliwatazama watoto waliolelewa nje ya nchi za wazazi wao, akawapa jina linaloweza kufasiriwa watoto wa utamaduni wa tatu. Utamaduni wa kwanza ni wa wazazi, wa pili ni wa wenyeji, na wa tatu ni ule ambao mtoto anaufuma mwenyewe kati ya hizo mbili. Mtoto kama huyo huwa mwepesi wa lugha na wa kuwaelewa watu. Pia huchoka kuaga, na akiulizwa "Kwenu wapi?" husita.

Usimlazimishe kuchagua. Tulijifunza kusema "nyumbani kwa bibi" na "nyumbani Hanang". Tulipoondoka kabisa, tulitumia wiki nzima kuaga: rafiki mmoja mmoja, mwalimu, mgunga wa darasa langu, hata mbuzi kwa majina yao. Kitinda mimba alichota mchanga kwenye kopo la dawa akaondoka nao. Kopo hilo liko dirishani kwetu hadi leo.

## Jibu kwa bibi

Bibi wa watoto wetu mwenyewe alikuja kututembelea mwaka wetu wa nne. Alishuka kwenye basi Katesh akiwa na mkungu wa ndizi na uso wa mtu aliyekuja kukagua. Alikagua kweli: madumu, vyandarua, namba za simu ukutani. Aliuliza kopo la nauli lina kiasi gani, akaongezea elfu kumi zake.

Saa 12 jioni wajukuu walimshika mkono, wakamtoa nje, wakamweleza la kufanya. Nikiwa ndani nilisikia sauti nne zikibisha hodi, moja yao nzito na ya kizee.

Nikasema, "Karibuni." Wakaingia wote wanne, wakaketi kwenye viti vya wageni, nikaanza kuwamiminia chai. Bibi alikaa akiwasikiliza wajukuu wakieleza habari za siku yao, mmoja baada ya mwingine. Zamu yake ilipofika, nikamuuliza, "Mama, habari za leo?"

Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Nilikuja na maswali. Endelea tu kunimiminia chai."